Kahawa ya spesialite inamlipa nani? Jibu kwa binti wa Katana

Msomaji mmoja anayeishi Kadutu, hapa Bukavu, ameniandikia hivi:

"Papa agronomu, salamu. Nina miaka 25, nimemaliza masomo ya kilimo na kazi sijapata. Baba ana kahawa kwetu Katana, mibuni ya zamani iliyopandwa na babu. Mimi na kaka yangu ndio tunaovuna. Msimu huu watu wa mradi walipita wakasema kahawa ya spesialite inainua vijana wakulima, na kwamba Ulaya wanalipa zaidi wakijua kahawa imelimwa na vijana. Je, ni kweli? Hiyo pesa inatufikia sisi? Turudi nyumbani tupande, ama tutapoteza miaka bure?"

Binti yangu, pole kwa kutafuta kazi, na asante kwa kuuliza kabla ya kupanda. Wengi huniuliza mwaka wa nne, wakati mibuni imeshasimama na moyo umeshalegea.

Bei ya juu ya spesialite, yaani kahawa bora inayoonjwa na kupewa alama, ipo, na ni ya kweli. Ila inalipwa kwa jina lililoandikwa katika daftari la wanachama wa koperative. Umesema baba ana kahawa na ninyi ndio mnaovuna. Basi jina lililo daftarini ni la baba, namba ya uanachama ni ya baba, na siku ya malipo ya pili, ile nyongeza inayogawiwa baada ya kahawa kuuzwa nje, anayeitwa mbele ni baba. Akipenda atawapa kitu. Asipopenda, hakuna mnunuzi wa Hamburg wala London atakayepata habari. Kwa hiyo mtu akikuambia kahawa yake inainua vijana, muulize mambo mawili: vijana wangapi wana namba zao wenyewe, na pesa inapokelewa na nani, mkononi au kwenye simu. Kama hana jibu, anachouza ni picha ya vijana iliyobandikwa kwenye mfuko.

Simlaumu mzee wako. Jambo hili ni kubwa kuliko nyumba moja, na mzizi wake ni ardhi.

Wewe ni mtoto wa Bushi, nchi ya Washi, haya unayajua, lakini niyaseme kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Aliyepata shamba kwa kalinzi, yaani aliyemtolea mwenye ardhi ng'ombe au mbuzi, ana haki ya kudumu na inarithiwa. Anaweza kupanda mgomba, mbuni, mti wowote autakao. Aliyepata kwa bwasa amekodi tu, kwa msimu au kwa mwaka. Huyo atapanda maharagwe, mahindi, viazi vitamu, atavuna na kuondoka. Mmea wa kudumu amekatazwa, kwa sababu anayechomeka mti ardhini anatangaza kwamba amekuja kukaa. Sasa kijana wa leo, asiye na ng'ombe wa kutoa, na baba mwenyewe kabakiwa na kipande kidogo cha kuwagawia watoto saba, anaangukia bwasa. Mbuni unataka miaka mitatu kabla ya kutoa mavuno ya maana, kisha unazaa kwa miongo. Utaulimaje kwenye ardhi ambayo mwenyewe anaweza kuidai mara maharagwe yakishang'olewa? Ndiyo maana vijana wa Kabare na Walungu unawakuta kwenye machimbo ya dhahabu, kwenye mataksi ya pikipiki, kwenye vibanda vya kuuza krediti za simu, huku kahawa ikibaki na wazee wenye nywele nyeupe. Inaniuma kila nikisikia mkutanoni kwamba vijana hawapendi jembe. Wanaosema hivyo hawajauliza vijana hao wangepanda wapi.

Kwako kuna ugumu wa pili, nawe unaujua. Sheria ya familia ya Congo, tangu 1987, inawaweka watoto wote sawa katika urithi, wa kike na wa kiume. Kijijini shamba bado linakwenda kwa wavulana, na binti anayepanda mti wa kudumu kwenye shamba la babake huulizwa anataka nini. Usipoliweka jambo hili wazi mapema, unaweza kuhudumia mibuni miaka mitano, kisha siku ya msiba wa mzee ukaambiwa ulikuwa unasaidia tu.

Nitarudi hapo, kwa sababu njia ipo. Kwanza tufanye hesabu, maana mapenzi ya kahawa hayalipi minerval, yaani ada ya shule, ya mtoto.

Chukua bei ambayo haibishaniwi. Fairtrade, shirika la biashara ya haki, tangu Agosti 2023 imeweka bei ya chini ya kahawa ya arabika iliyooshwa kuwa dola 1.80 kwa ratili moja, ambayo ni gramu 454. Juu yake kuna senti 20 za nyongeza ya jamii, na senti 40 kama kahawa ina cheti cha kilimo hai. Jumla dola 2.40 kwa ratili, sawa na dola 5.29 kwa kilo. Hiyo ni kilo ya kahawa ghafi, imekobolewa, imechambuliwa, iko ndani ya gunia tayari kupakiwa melini. Ili uipate unahitaji kilo 6 mpaka 7 za matunda mekundu. Gawanya: kila kilo ya matunda uliyobeba mgongoni ina thamani ya senti 80 hivi, kabla hujaondoa gharama za kituo cha kuoshea, mafuta ya mashine, mama wanaochambua, kukoboa, magunia, kodi, riba ya mkopo, na barabara ndefu mpaka Mombasa au Dar es Salaam.

Sasa shamba. Mibuni 500, kwa nafasi ya mita 2 kwa 2 na nusu, inakaa kwenye robo hekta. Ikitunzwa vizuri, tuseme kila mmoja unatoa kilo 2 na nusu za matunda: kilo 1,250. Thamani yake kwa bei ile ni kama dola 1,000. Mkulima akibaki na theluthi mbili, na hilo ni fungu zuri, anapata karibu dola 670 kwa mwaka mzima. Pesa hiyo inakuja kwa mkupuo, inaezeka nyumba, inanunua mbuzi, inalipa shule. Haitoshi kumlisha kijana mwenye familia mwaka mzima, na aliyewaambia inatosha hakuwatendea haki.

Soko nalo hupanda na kushuka. Bei ya New York, inayoongoza soko la dunia, ilikuwa chini ya senti 50 kwa ratili mwaka 2001, na Februari 2025 ilivuka dola 4. Bei ikipanda hivyo, kila mtu hufurahi, lakini ndipo koperative hutikisika: mchuuzi anasimama kando ya njia na pesa taslimu, anachukua matunda mabichi na mabivu pamoja, na tofauti kati ya bei yake na bei ya spesialite inakuwa ndogo. Mwanachama anauza pembeni. Bei ikianguka, mchuuzi yule humwoni tena, na anayebaki ni mnunuzi aliyeonja kahawa yako na kuipenda. Thamani ya spesialite kwa mkulima mdogo naiona zaidi katika miaka mibaya. Tena kwetu huku kuna jambo ambalo bei ya New York hailijui: mwanzoni mwa 2025, benki zilipofungwa Goma na Bukavu, koperative nyingi zilitatizika kupata noti za kulipia matunda siku ile ile. Mkulima mwenye njaa hangojei. Kwa hiyo koperative unayotaka kuingia, ulizia sana inalipa lini, kabla ya kuulizia inalipa ngapi.

Wazee wa Kalehe na Minova, ufukoni mwa Ziwa Kivu, wanakumbuka zamani mbaya zaidi. Katika miaka ya 1980 nchi hii iliuza nje zaidi ya tani 100,000 za kahawa kwa mwaka. Mwaka 1989 mkataba wa dunia wa kugawana soko ulivunjika, bei ikaanguka, kisha vita vikaja, na vituo vya kuoshea vikafa. Watu walipakia kahawa kwenye mitumbwi usiku kuvuka ziwa kwenda kuiuza Rwanda, na wengi walizama. Wajane wao wapo hadi leo. Koperative ya Sopacdi ilipoanza mwaka 2003 upande wa Minova, na Muungano mwaka 2009 huko Kalehe, kazi ya kwanza ilikuwa kuwapa watu mahali pa kuuzia upande huu wa maji. Nakumbusha hili kwa sababu kijana akisikia neno koperative hufikiri ni kamati ya wazee na mihuri. Kuna watu wameacha kufa kwa sababu yake.

Sasa ubora, na hapa ndipo elimu yako ina soko.

Kahawa inaitwa ya spesialite ikipata alama 80 au zaidi kati ya 100 kwa waonjaji waliofunzwa, na sampuli yake ya gramu 350 isiwe na kasoro kubwa hata moja. Mwinuko wetu unasaidia: Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na mashamba yanapanda mpaka kukaribia mita 2,000. Usiku wa baridi unachelewesha tunda kuiva, na tunda lililochelewa lina utamu zaidi. Hilo Mungu ametupa. Yaliyobaki ni mikono, na makosa karibu yote hutokea ndani ya siku mbili baada ya kuchuma. Tunda lililolala usiku kwenye gunia limeshaanza kuchacha hovyo. Lifike kituoni siku ile ile. Likifika, litumbukizwe majini, linaloelea liondolewe. Halafu limenywe, lichachuke kwa saa 12 mpaka 36 kutegemea baridi ya mahali, lioshwe kwa maji safi, kisha lipandishwe kwenye chanja. Likiwa bado limelowa, kasoro huonekana vizuri kuliko wakati wowote: punje iliyotobolewa na mdudu, iliyokatwa na mashine, yenye doa. Saa hizo za kuchambua mbichi chini ya kivuli ni za dhahabu, na vituo vingi huzipunja kwa sababu chanja hazitoshi. Baada ya hapo ni kugeuza, kufunika jua likiwa kali na mvua ikija, wiki mbili au tatu, mpaka kipimo kisome unyevu wa asilimia 10 hadi 12.

Adui yetu mkubwa ni ladha ya kiazi. Wanunuzi wanaifahamu kutoka Rwanda, Burundi na kwetu: kikombe kimoja katika vingi kinanuka kiazi kibichi kilichomenywa, na punje moja tu inatosha kukiharibu. Chanzo kinahusishwa na kunguni wa kahawa, antestia, anayetoboa tunda na kuacha mlango wa vijidudu. Harufu yenyewe ni ya kemikali ziitwazo pirazini. Waonjaji hupanga vikombe vitano kwa kila sampuli ili kasoro ya namna hiyo isijifiche. Kikitokea kimoja, alama zinashuka, na mnunuzi anapunguza bei au anaondoka kabisa. Dawa yake huanzia shambani. Kunguni huyu anapenda mbuni uliojifunga majani, wenye giza ndani. Ukipogoa, ukafungua katikati mwanga ukapita, ukaokota matunda yaliyobaki baada ya msimu, umemnyima nyumba. Mibuni ya babu yako, kama ni kama ile ninayoiona Katana, ni misitu. Tunda limekaa juu, mvunaji anavuta tawi mpaka livunjike, na kunguni amestarehe.

Hapo ndipo njia yako ilipo, binti yangu. Usianze na kupanda mipya. Anza na ile iliyozeeka.

Mbuni mzee hukatwa shina kwa mshazari, sentimita 30 au 40 kutoka ardhini, baada ya mavuno na kabla ya mvua za Septemba, yaani Julai au Agosti. Huchipua machipukizi mengi. Unaacha mawili au matatu yenye nguvu. Mwaka wa kwanza hupati kitu, wa pili unaonja, wa tatu mbuni unazaa kama kijana. Mizizi ni ya zamani na imeshika, ndiyo maana unatangulia mche mpya. Wazee huogopa kukata kwa sababu wanaona wanaua mavuno ya mwaka huu, na hofu yao ina haki. Basi nenda kwa baba na pendekezo hili: kati ya mibuni yake, akupe wewe 100 na kaka yako 100, ile iliyochoka kuliko yote, ambayo haimpi hata ndoo mbili. Mtaikata, mtaitunza, mtapanda maharagwe katikati ya mistari miaka miwili ya kungojea, na maharagwe hayo nusu yatakuwa ya nyumbani. Kwa malipo, mibuni hiyo iandikwe kwa majina yenu katika koperative. Ardhi ibaki ya mzee. Kinachobadilika mkono ni mti na zao lake.

Msidhani ni ndoto yangu. Kule Kericho, Kenya, wanawake walikwama hapo hapo: kazi yao, jina la mume. Waume walikubali kuwahamishia mibuni, nao wakaingia koperative kwa majina yao na kulipwa wenyewe. Mzee anayekataa kugawa ardhi akiwa hai huenda akakubali kugawa mashina mia moja aliyoyachoka. Lakini yaandikwe. Karatasi moja, idadi ya mibuni, mipaka, tarehe, sahihi ya baba, ya mama, ya kaka, na shefu wa kijiji kama shahidi. Mpelekee shefu kinywaji chake kama desturi inavyotaka, na nakala ya karatasi ikae koperative. Kwako wewe karatasi hii ni lazima kuliko kwa kaka yako, na yeye aisaini akiwa na akili timamu, leo mkipendana.

Kuna wanaonishawishi niwaambie vijana waanzishe koperative yao peke yao. Sheria ya OHADA, yaani sheria ya biashara ya pamoja ya nchi kadhaa za Afrika, inayotumika kwetu inaruhusu koperative nyepesi ya watu 5 tu, kwa hiyo karatasi si tatizo. Tatizo ni kontena. Kontena moja hubeba magunia 320 ya kilo 60, yaani tani 19 na kidogo za kahawa ghafi, na hizo zinatoka kwenye tani 120 na zaidi za matunda. Kwa mashamba ya mibuni 500 niliyohesabu juu, mnahitaji vijana mia moja, wote wavune vizuri, mwaka ule ule. Ingieni katika koperative iliyopo, yenye kituo na wanunuzi. Humo ndani mjikusanye vijana ishirini au thelathini, mdai loti yenu, yaani fungu la kahawa linalotengwa na kuuzwa peke yake: chanja zenu, magunia yenye alama yenu, sampuli yenu ionjwe peke yake. Loti ndogo husafiri ndani ya kontena moja na kahawa ya wazee bila shida, na mnunuzi akiilipa zaidi, ziada inajulikana ni ya nani. Hivyo ndivyo kahawa ya akina mama wa Kivu ilivyopata soko lake. Kabla ya kuvuna, mkataba useme wazi ziada hiyo itagawiwaje, kwa namba za vijana.

Halafu kuna kazi ambazo hazihitaji shamba hata kidogo. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayotaka kila kahawa ijulikane imetoka shamba gani, ili isiwe imetoka kwenye msitu uliokatwa. Kuanza kwake kumesogezwa mbele, lakini koperative zinazouza Ulaya zinapaswa kujiandaa. Shamba dogo la chini ya hekta 4 linatakiwa nukta moja ya setilaiti inayoonyesha lilipo. Nani atazunguka vilima na simu kuandika nukta za maelfu ya wazee? Nani atapima unyevu, atatunza daftari la kituo kila jioni, ataongoza kikundi cha kupogoa kwa kulipwa kwa mti? Na kuonja: koperative isiyo na mwonjaji wake inauza kitu isichokijua, inasubiri mgeni aiambie kahawa yake ni nzuri ama mbaya. Ukipata mafunzo ya kuonja, yachukue hata kama posho ni ndogo. Mwanamke mwenye ulimi uliofundwa, anayejua pia kupogoa na kusoma udongo, ni mtu adimu hapa kwetu.

Mkija kupanda mipya baadaye, msiokote miche barabarani. Kituo cha Mulungu cha INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kiko huko huko Kabare na kimefanya kazi ya kahawa tangu enzi za Wabelgiji. Anzieni hapo kuulizia mbegu, kisha mtengeneze kitalu kikubwa kuliko mahitaji yenu, kwa sababu majirani watanunua miche.

Kuhusu kurudi: kaka yako arudi sasa kama yuko tayari kukaa, maana machipukizi yanataka jicho kila wiki. Wewe ningekushauri uwe na mguu mmoja Bukavu mwaka huu wa kwanza. Msimu mkubwa, kuanzia Machi mpaka Juni hivi, uwe kituoni ukifanya kazi ya ubora kwa mshahara. Miezi mingine, mjini, tafuta anayekaanga kahawa hapa hapa ujifunze kikaangio. Hoteli na ofisi za Bukavu zinanunua, na kilo iliyokaangwa vizuri inaacha faida kubwa kuliko kilo ghafi.

Ukienda kwa mzee, nenda wakati wa kiangazi mavuno yakiwa yameisha, umebeba msumeno wa kupogolea. Mkate mbuni mmoja mbele yake, kwa ruhusa yake, na karatasi muandike machipukizi yakitoka. Ukiwa na majina yenu ndani ya daftari, niletee gramu 500 za parche yenu ya kwanza, yaani kahawa iliyooshwa ikiwa bado na ganda lake, iliyokauka vizuri, tuionje pamoja kabla mtu yeyote hajawapangia bei.